Springi za Gari Linalolala Raila

Chukua futi ya utepe. Paki gari mahali palipo sawasawa, tanki likiwa nusu, buti tupu, na wewe mwenyewe ukiwa nje. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu, wima kwenda juu, hadi ukingo wa madigadi. Andika namba zote nne. Kisha chungulia chini uone ile raba inayozuia chuma kugonga chuma, upime nafasi iliyobaki kabla haijaguswa. Nayo iandike. Ni kazi ya dakika ishirini, na mtu yeyote atakayekutajia springi za kununua bila kukuuliza namba hizo anabahatisha kwa pesa zako.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaolaza magari Raila na kwingineko Kibera, na ndugu zenu wa Kawangware. Nazungumza na mwenye Mark X aliyoiwekea akiba miaka mitatu, mwenye Impreza ya turbo, mwenye Golf GTI iliyopita mikononi mwa watu wanne kabla ya kumfikia. Mnataka gari moja lifanye kazi mbili: libebe familia na mizigo wiki nzima, na siku ya mashindano liondoke kwenye mstari kama jiwe la manati, limalize mita 402 za robo maili kabla ya gari la jirani. Inawezekana. Lakini kazi hizo mbili hazina uzito sawa. Mashindano yaliyoidhinishwa, barabara ikiwa imefungwa na gari la wagonjwa likiwa tayari, ni ya siku chache kwa mwaka. Njia ya kurudi nyumbani ni ya kila jioni. Kutoka Dagoretti Corner kupitia Naivasha Road hadi Kawangware 46 utavuka matuta, mashimo na kingo za lami zilizolika. Ukiingia Kibera utaongeza mitaro na mawe yaliyojitokeza. Springi inayoshindwa na njia hiyo haikufai, hata kama inakupa sehemu ya kumi ya sekunde kwenye mstari.

Niseme la sheria mapema, kwa sababu nimekwenda kwenye mazishi. Southern Bypass inapita karibu sana na kwetu, ni pana, na usiku inavutia. Usishindane pale. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikuruhusu, na wapo watu wanaovuka kwa miguu gizani, na malori yaliyoharibika bila taa. Shirikisho la michezo ya magari la Kenya, KMSF, ndilo linalosimamia mbio rasmi nchini. Subiri siku yao.

Sasa springi yenyewe. Ugumu wake hutajwa kwa kilo kwa milimita: springi ya kilo 3 huhitaji kilo 3 ili ibonyee milimita moja, kilo 300 ili ibonyee milimita 100. Wajapani huandika hivyo, na kwa kuwa magari yetu mengi yametoka Japani, ndicho kipimo utakachokutana nacho zaidi. Ukikuta springi ya Marekani imeandikwa paundi kwa inchi, gawa kwa 56 upate kilo kwa milimita. Ya Ulaya huwa kwa niutoni kwa milimita. Gawa kwa 9.8.

Ugumu huo hutokana na vitu vitatu unavyoweza kuvipima kwa mkono: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio mfalme. Waya wa milimita 13 ukilinganishwa na wa milimita 12, mengine yote yakiwa sawa, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 38. Macho hayaoni milimita moja, hasa chini ya rangi na kutu. Kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, nenda na kalipa mfukoni. Usikubali kuuziwa springi kwa maneno "hii ni ya sport" au kwa sababu ni nyekundu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukipima, atakushikia taa. Hesabu mizunguko, pima urefu ikiwa huru, pima upana, kisha linganisha ya kushoto na ya kulia. Springi mbili za eks-Japani zilizofungwa kwa waya mmoja si lazima ziwe zimetoka kwenye gari moja. Toyota huweka alama za rangi kwenye springi zake. Alama zikitofautiana, ziache.

Namba ya springi peke yake bado haikuambii gari litakuwaje. Mbele ya Impreza, springi imekaa juu ya shoki, karibu na gurudumu na ikiwa karibu wima, kwa hiyo karibu ugumu wake wote unafika chini. Mark X ina mikono miwili mbele na mikono mingi nyuma, na springi imekaa ndani zaidi. Gurudumu likipanda milimita 10, springi inaweza kubonyea 6 au 7 tu. Na hesabu hiyo hujizidisha yenyewe: 0.65 mara 0.65 ni 0.42, maana yake zaidi ya nusu ya ugumu imepotelea njiani. Ndiyo sababu rafiki yako mwenye Subaru anaweza kufurahia springi za kilo 5, nawe ukaziweka kwenye Mark X ukaona gari limelegea kama godoro kuukuu. Hamjakosea wote wawili. Mmeulizana namba isiyohama kutoka gari moja hadi jingine.

Namba inayohama ni ugumu unaofika kwenye gurudumu, na kwa upande wa nyuma unaweza kuupima hapo hapo mtaani. Azima mifuko minne ya saruji hadwea, kilo 50 kila mmoja. Pima urefu wa madigadi za nyuma. Panga mifuko ndani ya gari juu ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, si mwishoni mwa buti. Tikisa gari mara tatu ili bushi ziachie, liache litulie, upime tena. Kilo 200 zimegawanywa kwa magurudumu mawili, mia kila moja. Gari likishuka milimita 33, una kilo 3 kwa milimita kwenye gurudumu. Likishuka milimita 50, una kilo 2. Sijapata njia nyingine ya bei hiyo inayosema ukweli kama huo, kwa sababu inahesabu kila kitu kilichomo chini ya gari lako hasa, pamoja na uchakavu wake.

Ukishapata namba hiyo, fanya hesabu moja zaidi. Tafuta uzito wa ekseli. Wauzaji wakubwa wa skrepu na wenye malori wana mizani unayoweza kupandisha magurudumu mawili tu. Tuseme nyuma ni kilo 700. Ondoa kama 100 za magurudumu, breki na vyuma visivyobebwa na springi. Zinabaki 300 kwa kila upande. Gawa kwa 3, unapata milimita 100. Tafuta kipeuo cha pili cha 100, ni 10, halafu gawa 15.8 kwa 10. Jibu, 1.58, ni mara ambazo upande huo wa gari unataka kupanda na kushuka kwa sekunde moja. Gari la familia huwa kati ya 1 na 1.4. Gari la barabarani lenye haraka huwa kati ya 1.4 na 1.8. Ukivuka 2, unaingia kwenye magari ya mbio, na mgongo wako utajua kabla hujafika Kawangware 56. Kwa gari la kazi mbili ninazozisema, napenda mbele pawe karibu 1.3 au 1.4 na nyuma 1.5 au 1.6. Nyuma panazidi mbele kidogo kwa makusudi: gurudumu la mbele ndilo linaloanza kukutana na tuta, la nyuma linafuata, na likiwa jepesi kurudi linaiwahi pua, gari linatulia badala ya kuendelea kunesanesa kama mashua.

Tufike kwenye mstari wa kuanzia, ambako maneno mengi ya gereji hayana msingi. Utaambiwa springi laini "zinahamisha uzito zaidi" kwenda nyuma. Si kweli. Uzito unaohama unaamuliwa na vitu vinne: uzito wa gari, nguvu ya kuondoka kwake, kimo cha kitovu cha uzito, na urefu kati ya ekseli. Chukua Mark X yenye dereva, tuseme kilo 1,600. Umbali kati ya ekseli ni milimita 2,850. Tuweke kitovu cha uzito kwenye nusu mita kutoka chini, na gari liondoke kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, jambo gumu kwa tairi za kawaida. Zinahama kilo 140. Ziwe springi za godoro au za reli, ni kilo 140. Springi, pamoja na shoki, zinaamua uzito huo ufike kwa upesi gani, pua ipande kiasi gani, na tairi likutane na lami kwa utulivu au kwa kudundadunda. Kwenye gurudumu lenye kilo 3 kwa milimita, pua itapanda kama milimita 23. Lenye kilo 2, milimita 35. Lenye kilo 6, milimita 12 tu.

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na majedwali mnayoyaona ya Marekani. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban moja ya sita ya nguvu zake kwa hewa nyepesi ya hapa. Nguvu ikipungua, kuondoka kunapungua, na uzito unaohama unapungua pia. Springi laini mno za mbele zilizotengenezewa gari la silinda nane lenye tairi pana zinazonata hazitapata kazi kwenye Mark X ya lita 2.5 hapa Nairobi. Utabaki na gari linaloinamisha pua kila ukikanyaga breki, na raba za mbele zinazogonga kwenye kila tuta.

Kwa hiyo mwenye gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, iwe Mark X, Mark II ya 1JZ au hata KE70 ya babu, aanze na springi za kiwandani mbele, zenye afya, kwenye urefu wa kiwandani. Nyuma aende asilimia 15 hadi 25 juu ya kiwanda, asizidi. Pua itapanda vya kutosha, makalio hayatakaa chini mpaka yaguse raba, na tairi za nyuma zitabaki zimesimama wima. Ukishusha nyuma ya Mark X au Mark II kwa ajili ya sura, ukiondoka kwa nguvu sasipensheni inabonyea zaidi, tairi linainama kwa ndani, na unakimbia kwa kipande cha tairi badala ya tairi zima. Nguvu uliyonunua inageuka moshi.

Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kama Golf, ni huzuni kidogo, kwa sababu uzito unakimbia kutoka kwenye tairi zinazofanya kazi. Ndiyo maana wengi hulishusha gari mpaka chini. Tufanye hesabu kwa utulivu. Gari la kilo 1,400, ekseli zikiwa mita 2.58, kitovu cha uzito sentimita 55, mwendo ule ule wa kuondoka: zinahama kilo 149. Lishushe milimita 25 nzima, zinahama 142. Umepata kilo saba, ambazo tairi mbili zinagawana. Kwa kilo saba umetoa milimita 25 za nafasi ya kubonyea, na sasa sufuria ya oili ya injini ndiyo inayopima kimo cha matuta. Siifurahii biashara hiyo. Bora uweke springi za nyuma zilizo ngumu kwa asilimia 30 hadi 50, ili makalio yasikae na pua isiruke, magurudumu ya mbele yabaki kwenye pembe zake. Mbele bakia karibu na kiwanda. Halafu badilisha bushi za injini na za mikono ya chini, kwa sababu kule kudunda kwa tairi wakati wa kuondoka, kunakotikisa gari zima, mara nyingi kunatoka kwenye raba zilizokufa, na springi inalaumiwa bure.

Mwenye Impreza ana magurudumu manne yanayovuta, na hana haja kubwa ya kupanga uzito. Haja yake ni kulinda vyuma. Ukishusha zaidi ya milimita 25, mikono ya chini inatazama juu, sivi zinafanya kazi kwa pembe mbaya, na gari linaweza kuinama kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla hujatumia pesa. Tena, tairi nne zikikamata zote kwa pamoja, mshtuko wote unaingia kwenye giaboksi, na ile ya gia tano inajulikana kwa kuvunjika meno. Springi za nyuma zenye ulaini wa wastani zinaupokea mshtuko huo kidogo. Usizifanye chuma.

Wenye Forester wasikilize peke yao. Baadhi ya hizo gari zilitoka kiwandani na shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe. Zikizeeka, makalio yanalala. Mtu anaweka shoki za kawaida, gari linabaki limelala, kisha anawekewa spesa au raba za kubana katikati ya mizunguko. Chanzo ni kwamba springi zilizokuwa na shoki zile ni laini kuliko za kawaida, maana shoki ilikuwa inasaidia kubeba. Ukibadilisha shoki, badilisha na springi, ununue za Forester isiyo na mfumo huo. Raba za katikati ya mizunguko zinazima baadhi ya mizunguko. Waya unabaki kupinda sehemu chache, na hapo ndipo unapokatika.

Kuhusu kukata springi nina kidonda changu. Gari langu la kwanza lilikatiwa mizunguko kwa moto kwenye gereji moja, nami nikalipa na kushukuru. Ukiondoa mzunguko mmoja kati ya sita, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 20, hilo ni hesabu tu. Ila moto wa kukatia unaharibu ugumu wa chuma pale ulipopita, na springi fupi inalegea kwenye kikombe chake gurudumu linaponing'inia. Nilishuka tuta nikiwa na mama yangu kwenye kiti cha mbele, nikasikia kishindo, usukani ukavuta kushoto. Springi ilikuwa imetoka kwenye kiti chake. Tulikuwa tunakwenda polepole, na hilo ndilo lililotuokoa. Sitaki lolote la namna hiyo kwenye gari la mtu mwingine. Kabla ya kulipa, mwambie fundi anyanyue gari kwa jeki, gurudumu likae hewani, kisha ushike springi kwa mkono. Ikizunguka au ikicheza, irudi ilikotoka.

Na koilova, zile springi zenye kikombe cha kukaza? Ni nzuri ukiwa na shoki zinazolingana, lakini elewa kikombe hicho. Kukikaza hakuongezi ugumu wa springi ya kawaida hata chembe. Kunainua gari. Springi ya kilo 4 itabaki ya kilo 4 hata ukikaza mpaka spana ipinde. Ile inayobadilika ni springi yenye mizunguko iliyosongamana upande mmoja: laini mwanzoni, ngumu mzigo ukiongezeka. Kwa gari linalobeba dereva peke yake asubuhi na watu watano jioni, hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi kwa nyuma.

Shoki sitazisemea sana, ila usivuke hapa: ukiongeza ugumu wa springi zaidi ya robo, shoki ya kiwandani iliyochoka haitaweza kuishika inaporudi. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, uachie. Ikipanda, ikashuka mara moja na kutulia, sawa. Ikiendelea, weka pesa ya springi kando ununue shoki kwanza. Nimeona magari yakipata muda bora kwenye robo maili kwa shoki mpya peke yake, springi zikiwa zile zile za mwaka wa kutengenezwa.

Siku ya kufunga, kataa kabisa springi kubanwa kwa kamba, nyaya au mnyororo. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Kibanio chake kipo, mafundi wengi wanacho, na asiyekuwa nacho huazima kwa mwenzake. Nati za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba zinabaki zimejisokota na namba zako zote zitakuwa za uongo. Kisha nenda alaimenti.

Zungusha gari wiki mbili au kilomita 500, maana springi mpya hulala milimita chache. Rudi mahali pale pale palipo sawasawa, tanki nusu, buti tupu, upime madigadi nne upya. Weka watu watano ndani, uvuke lile tuta baya kuliko yote kwenye njia yako kwa mwendo wa kawaida. Paka grisi kidogo kwenye raba za kuzuia kabla ya kutoka. Ukirudi ukakuta grisi imefutika, nafasi yako ya kubonyea haitoshi. Inua gari milimita 10 au ongeza ugumu kidogo upande huo tu, kisha urudie tuta lile lile.